Kiwanda Kisichonuka Sabuni

Kwa miaka kumi na moja nililipwa mshahara ili nisiwaamini watu. Ofisi yetu ilikuwa Kitui mjini, juu ya duka la vitambaa, na kazi yetu ilikuwa kuingiza fedha katika biashara changa. Tulinunua hisa, biashara ikikua tunaziuza, tunahamia kwingine. Hivyo ndivyo karatasi za kutoka Nairobi zilivyosema. Lakini kabla ya senti moja kutoka, mtu alipaswa kwenda kuiona biashara yenyewe, aifungue mdomo aangalie meno kama mnunuzi wa ng'ombe, kisha arudi aseme ni nzima au inakufa. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa mwanamke wa pekee katika kazi hiyo, na niliijua kuliko wanaume wote waliokaa pale, wala sioni sababu ya kujifanya sikulifahamu jambo hilo.

Wakubwa wetu walitupa fomu ya kurasa tisa. Fomu ile ilimuuliza mtu wa Zombe, kule kwenye ukame wa mashariki, ambaye hajui kama mvua ya Novemba itanyesha au itamruka, anatarajia kuuza kiasi gani katika mwaka wa tano. Watu walijaza tu. Katika mwaka wa tano kila mtu alikuwa tajiri. Sikuwahi kukutana na fomu hata moja ambayo mwaka wa tano mwenyewe amefunga duka, na biashara nyingi kati ya hizo hazikuuona mwaka wa pili. Nairobi walizisoma fomu hizo wakiwa wamevaa tai, wakazipigia mihuri, wakaziita mipango.

Mimi fomu niliijaza mwisho, nikiwa garini narudi. Kwanza nilikwenda nyuma ya nyumba. Mbele ya duka mtu anaweza kupanga atakavyo, lakini takataka hakuna anayezipanga. Hoteli inayojigamba kwamba inauza chai kutwa nzima lazima iwe na rundo la majani ya chai na jivu la kutosha. Fundi wa viti asiye na vumbi la mbao kwenye nyusi ni fundi wa maneno. Nilimkagua mmoja Kitui aliyenionyesha viti sita vizuri mno, na nyuma ya karakana yake nyasi zilikuwa zimemea hadi magotini. Viti vilikuwa vya shemeji yake.

Kule Zombe nilitumwa kukagua duka jipya la jumla. Rafu zilijaa, magunia ya sukari yamepandana karibu na dari, na mwenye duka alikuwa amevaa shati jipya ambalo mikunjo ya dukani ilikuwa bado haijatoka. Gunia moja lilikuwa limeshonwa kiraka kwa uzi wa kijani. Wiki mbili kabla nilikuwa nimeliona gunia lilelile, na kiraka kilekile, katika duka la mtu mwingine upande wa pili wa soko, ambaye naye alizitaka fedha zetu. Nikaomba magunia ya chini yasogezwe. Sakafu chini yake ilikuwa na vumbi sawa na sakafu nyingine yote. Gunia lililokaa mahali huacha alama yake, na haya hayakuwa yamelala pale hata siku mbili.

Nilimwambia mwenye duka kwamba bidhaa zile si zake. Hakuona haya hata kidogo.

"Si mgeni amekuja?" akasema. "Ukikuja kwangu ukute rafu tupu, utaenda kusema nini?"

Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi. Kwetu Ukambani mgeni akitarajiwa, jirani mmoja hutoa viti, mwingine thamosi, mwingine vikombe ambavyo mikono yake haijavunjika, na mgeni hunywa chai katika nyumba ambayo kesho yake itakuwa imerudi kuwa na kigoda kimoja. Hakuna anayeuita uongo. Mtu haachwi aaibike mbele ya wageni. Mimi nililelewa hivyo hivyo. Lakini mimi sikuwa mgeni, nilikuwa mkaguzi, na niliona upumbavu mtupu watu wazima kubebeana sukari mchana kutwa ili kumdanganya mtu anayekumbuka hata kiraka cha gunia. Kwenye fomu niliandika neno moja, inakufa, na duka hilo halikupata kitu.

Ni mtu mmoja tu aliyenishinda huko Zombe, mfanyabiashara wa mifugo, Mwislamu wa kutoka upande wa kaskazini mashariki. Nilipomwomba vitabu vyake vya hesabu alinichukua hadi kwenye zizi. Alinionyesha mbuzi mmoja mmoja, akataja alimnunua wapi, kwa bei gani, alimtibu nini, na wangapi walimfia njiani. Nilimuuliza tena baada ya saa mbili, bila mpangilio, na hakukosea mbuzi hata mmoja. Niliandika kwamba hii ndiyo biashara yenye afya kuliko zote nilizoziona mwaka ule. Nairobi waliikataa. Hakuna vitabu, walisema. Wakampa fedha zile mwenye daftari zuri, na sitasema ziliishia wapi kwa sababu nitakasirika bure.

Nasema haya yote ili ijulikane nilikuwa mtu wa namna gani mama aliponiita nyumbani.

Mama alikuwa mweka hazina wa kikundi cha mwethya huko kwetu, chini ya Kikima, upande ambao milima ya Mbooni inaanza kushuka kwenye ukame. Mwethya ni watu wanaolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Hawa walikuwa wanawake ishirini na wawili. Kwa miaka sita waliwachimbia watu wengine matuta kwa malipo, wakasuka viondo, vikapu vyetu vya kuuza, wakati wa mapumziko, wakaziweka pesa posta, mpaka zikafika shilingi elfu ishirini na mbili. Pesa hizo zilikuwa za matangi. Mto wetu uko bondeni kabisa, na kupanda kutoka kule na maji mgongoni, mkanda ukiwa kwenye paji la uso, kulimchukua mama zaidi ya saa nzima. Magoti yake yalikuwa yameanza kumkatalia. Tangi la saruji kando ya nyumba, la kukinga maji ya mvua kutoka kwenye mabati, lingemwondoa kwenye mlima ule kwa miezi mingi ya mwaka.

Pesa zilitosha matangi machache ya kuanzia, mengine yangefuata kwa zamu. Hapo ndipo shida ilipozuka. Nani atangulie? Wanawake waliochimba pamoja miaka sita bila kugombana walianza kutazamana vibaya. Mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani, mwingine nyumba yake ndiyo iliyokuwa mbali zaidi na mto, mwingine alisema yeye ndiye aliyeleta wazo. Mama, kwa kuwa kitabu cha posta kilikuwa kwake, alijiweka wa mwisho ili asisemwe.

Basi akatokea mwalimu na sabuni yake.

Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na ndiye aliyenifundisha hesabu darasa la nne. Aliwahi kumwambia mama, mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, kwamba karo yangu ni pesa ya kutupa kwa sababu kichwa cha msichana hakishiki hesabu za riba. Nalitaja hili mapema ili msomaji ajue kwamba sikwenda kukagua kiwanda chake kwa moyo mweupe.

Alikuwa amefungua kampuni ya kutengeneza sabuni ya mche. Aliwaambia wanawake hivi: nunueni hisa, mniachie pesa mwaka mmoja na nusu, zitarudi maradufu, na mtajenga matangi yote ishirini na mawili kwa pamoja. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Nakubali kwamba alijua kuongea. Wengine wote waliahidi faida tu, lakini yeye aliwaahidi kwamba wataacha kununiana. Wakampa elfu nne ya kuanzia palepale, na zilizobaki, elfu kumi na nane, zikawa zinangojea mkutano mkubwa. Hapo ndipo mama alipoomba, kwa sauti ya chini kama kawaida yake, kwamba binti yake anayefanya kazi hiyo Kitui aje aangalie kwanza.

Nilipofika nyumbani niliwauliza wanawake wawili waliokuja kunisalimu walijuaje kwamba kampuni hiyo ina pesa. Walinishangaa.

"Kwani huoni vile anatoa kwa harambee?" mmoja akasema. "Mtu hana pesa anaweza kutoa hivyo?"

Huo ndio uliokuwa ukaguzi wao. Siku zile kwetu hakuna aliyempima mtu kwa vitabu. Alipimwa Jumapili, kwenye mchango wa hadhara, mbele ya meza yenye kitambaa cheupe, jina lake na kiasi alichotoa vikisomwa kwenye kipaza sauti, na umati ukipiga makofi kwa kadiri ya kiasi chenyewe. Aliyetoa nyingi alikuwa tajiri, na tajiri alikuwa mwaminifu, na mwaminifu angeweza kuachiwa pesa za matangi. Hakuna aliyeuliza noti ilikuwa mfukoni mwa nani Ijumaa. Nilicheka peke yangu nikiwa naoga. Watu waliohesabu mbegu za maharagwe moja moja wakati wa kupanda walikuwa tayari kutoa jasho la miaka sita kwa sababu ya kipaza sauti.

Kiwanda kilikuwa Kikima, katika ghala la kukodi nyuma ya soko. Mwalimu alinipokea mlangoni akiwa amevaa kofia na kaptura iliyopigwa pasi, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Karibu, karibu, mwanafunzi wangu," akasema. "Ona sasa. Mimi si ndiye nilikufundisha kujumlisha?"

"Ni wewe, Mwalimu," nikamjibu. "Na kutoa pia."

Alicheka sana. Akaagiza chai na mkate, nami nikamwomba anionyeshe nyuma kwanza.

Nilikuwa nimeshamkagua mtu wa sabuni pale Kitui. Ukitoka kwake harufu inakufuata hadi kitandani, sakafu yake inateleza, na wafanyakazi wake wana madoa ya kuungua kwenye mikono. Kwa mwalimu hapakunuka kitu. Palikuwa na sufuria moja kubwa juu ya mafiga, na jivu lililokuwa chini yake lilikuwa limenyeshewa likakauka tena likawa gumu. Pipa la magadi makali lilifunguliwa siku moja na kusahaulika, na yaliyokuwa ndani yamegandamana kama jiwe. Alikuwepo mfanyakazi mmoja aliyevaa koti jeupe, jeupe kweli, halina hata tone. Kwenye rafu ilipangwa miche ya sabuni yenye muhuri wa kampuni. Nilichukua mmoja nikaugeuza. Upande wa pili ulikuwa umeparwa kwa kisu, na ukiuinamisha kwenye mwanga uliweza kuona mabaki ya herufi za kiwanda kingine. Alikuwa ananunua sabuni ya watu dukani, anaipara, anaipiga muhuri wake, na kuiuza kwa bei ileile aliyoinunulia. Hata hasara yake hakujua kuihesabu.

Ndipo akanipa daftari, kwa fahari, kama anayenipa mtoto nimshike. Lilikuwa zuri. Mistari ya wino mwekundu, mwandiko uleule wa ubaoni, kila ukurasa umejumlishwa chini na kupigwa mstari mara mbili. Hesabu zote zilikuwa sawasawa. Hakukuwa na kosa hata la senti, maana hakuwa anaficha kitu. Mauzo yalikuwa madogo kiasi cha kutia huruma. Mafuta yalinunuliwa mara mbili tu tangu kampuni ianze. Lakini kila baada ya wiki mbili tatu palikuwa na pesa nyingi chini ya neno moja: Matangazo.

"Matangazo ya wapi, Mwalimu?" nikauliza. "Sijaona bango hata moja."

"Tangazo si bango," akanijibu, kwa upole uleule aliokuwa nao kabla ya kuchapa mtu. "Tangazo ni jina la kampuni kusikika kwa watu."

Nilitazama tarehe. Zote zilikuwa Jumapili. Mama alikuwa akinihadithia kila harambee niliporudi nyumbani, nani alitoa nini na nani alijificha nyuma ya mwenzake, na kichwa changu hakikuwahi kusahau kiasi. Harambee ya zahanati, ilikuwepo. Harambee ya jiko la kanisa, ilikuwepo. Halafu nikaliona lile. Ijumaa, hisa kutoka kikundi cha wanawake, shilingi elfu nne. Jumapili, siku mbili tu baadaye, Matangazo, shilingi elfu tatu. Hiyo ilikuwa harambee ya mabati ya shule. Mama alinisimulia Jumapili hiyo kwa furaha: jinsi mwalimu alivyoinuka, jinsi kiasi kilivyosomwa mara mbili, jinsi wanawake wa mwethya walivyopiga vigelegele hadi sauti zikawakauka.

Aliwatolea pesa zao wenyewe, wakamshangilia, na kwa sababu ya kumshangilia wakawa tayari kumpa zilizobaki.

Sidhani alijiona mwizi. Nadhani aliamini kwamba jina likishakuwa kubwa, sabuni itafuata yenyewe. Nimewaona wengi wa aina hiyo, wanaojenga lango la kiwanda wakiwa hawana kiwanda. Lakini sikumhurumia. Nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kazini, na nusu ya furaha hiyo ilikuwa ya msichana wa darasa la nne.

Alasiri ile nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, anatoa mbaazi kwenye maganda. Nilimweleza yote. Nilimweleza jivu, na sabuni iliyoparwa, na Ijumaa na Jumapili. Hakunikatiza. Vidole vyake viliendelea na mbaazi mpaka nilipomaliza.

"Kwa hivyo tulijipigia vigelegele," akasema.

"Ndiyo, Mama."

Alizikusanya mbaazi kwenye ungo. Kisha akaniambia jambo ambalo wakati ule nililiona la woga.

"Kesho wewe sema pole pole. Waambie hiyo kampuni bado ni changa, afadhali tungojee mavuno mawili. Hata mwalimu hawezi kataa hivyo. Usiseme hiyo ya harambee. Mimi nitajua vile nitaongea nao, mmoja mmoja, kwa mto."

"Mama, mtu huyu amewala."

"Najua. Lakini wacha watu wapate mahali pa kupitia."

Nilimwambia kwamba mimi ni mkaguzi, si mpatanishi, na kwamba ukweli haupakwi mafuta. Nilikuwa na maneno makubwa siku hizo. Mama aliokota maganda akayapeleka kwa mbuzi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi katika darasa la shule, kwa sababu jua lilikuwa kali na hapakuwa na pengine pa kuwatosha. Wanawake waliketi kwenye madawati ya watoto, magoti yamebanwa, leso zao safi. Mwalimu aliketi mbele pamoja nami na mwenyekiti na katibu wa kikundi, kofia mapajani, na fomu ya posta ya kutolea pesa alikuwa ameshaijaza yeye mwenyewe kwa ule mwandiko wake.

Nilisimama. Ningeweza kusema sentensi moja nikaketi. Kampuni bado ni changa, tungojee mavuno mawili. Sentensi hiyo ilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilizitazama zile nyuso zilizokuwa zikinisubiri, zenye subira, zenye kuamini chochote kinachosemwa na mtu aliyesimama mbele, nikawadharau. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Niliona nikisema pole pole hawatajua kamwe walivyokuwa wajinga, wala mimi nilivyokuwa na akili.

Nikaanza na jivu. Nikainua mche wa sabuni niliotoka nao kiwandani, nikawaonyesha palipoparwa, nikauzungusha ili hata wa nyuma waone. Nikawauliza ni nani miongoni mwao aliyewahi kufulia sabuni ya mwalimu. Mikono miwili ikainuka. Nikasema basi hao wawili ndio soko lake lote. Kisha nikafika kwenye tarehe.

"Ijumaa mlimpa elfu nne," nikasema. "Jumapili alitoa elfu tatu. Hizo ni pesa za nani?"

Nikauweka mche mezani.

"Za nani? Si mnajua kuhesabu? Mlisimama mkapiga vigelegele. Mlikuwa mnajishangilia wenyewe! Mtu anakuibia kuku, anakupikia paja moja, unamwambia asante!"

Nikacheka. Sikukusudia, lakini nilicheka, kwa sauti, mbele ya wanawake ishirini na wawili walionibeba mgongoni nilipokuwa mdogo, na kicheko hicho kilidumu kuliko kilivyopaswa.

Mwalimu aliinuka polepole. Nilingoja akane, ili nimfungulie daftari lake mwenyewe, lililokuwa mezani. Hakukana.

"Ni kweli," akasema. "Hiyo pesa nilitoa hapa. Inueni macho." Wanawake wakainua macho. Juu yetu palikuwa na mabati mapya. "Watoto wenu hawanyeshewi. Kama ilikuwa makosa, niambieni, nitakuja Jumatatu niyatoe." Akanigeukia, na uso wake ulikuwa na huzuni ambayo hadi leo sijui kama ilikuwa ya kweli. "Huyu mtoto nilimfundisha hesabu. Amezijua, nashukuru Mungu. Heshima ndiyo sikufaulu kumfundisha. Mnisamehe."

Akaketi. Hakusema neno lolote kuhusu sabuni, na hakuna aliyemuuliza. Nilitazama darasa zima nikitafuta jicho moja la kukutana nalo, na wote walikuwa wakiangalia madawati. Wengine walikuwa wanachezea ncha za leso. Nilidhani wanaona haya kwa ajili ya mwalimu.

Ndipo mama akasimama. Nilidhani anakuja upande wangu. Alikwenda moja kwa moja hadi mezani, akaivuta fomu ya posta, akafungua kikopo cha wino, na akaweka dole gumba lake mahali pa mweka hazina. Alilikandamiza kwa muda, kama mtu anayetaka lionekane. Kisha akarudi kwenye dawati lake bila kunitazama. Baada yake mwenyekiti akatia sahihi, na katibu akatia sahihi, na mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kufunga mkutano.

Nilirudi Kitui siku hiyo hiyo. Nilikuwa na hasira ambayo niliifurahia. Kwa mwaka mmoja na nusu niliwasimulia wenzangu ofisini kisa cha wanawake waliovuliwa nguo wakaomba wavuliwe na viatu, na kila mara walicheka.

Kampuni ilikufa bila kelele. Muda uliotajwa ulifika ukapita, ghala likarudi kwa mwenyewe, na mwalimu akahamia kwa mwanawe katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, kwa ajili ya matibabu, walisema. Hakuna aliyemfuata. Mkewe aliyebaki nyuma aliendelea kusalimiwa kanisani. Matangi hayakujengwa, hata moja.

Nilipata likizo nikaenda nyumbani. Ulikuwa msimu wa kuchimba kabla ya mvua, na kikundi kilikuwa kwenye shamba la mtu mteremkoni, kikichimba matuta kwa malipo. Walikuwa wameanza upya kuweka pesa. Niliwakuta wamejipanga mstari, majembe yakipanda na kushuka, na mama akiwa mwishoni mwa mstari, akichimba kwa kupumzisha goti moja. Walinisalimu wote vizuri. Waliniuliza habari za Kitui, habari za kazi, na kama nimepata mchumba. Nilikaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga nikingoja. Nilikuwa nimesubiri mwaka mmoja na nusu mtu mmoja tu aseme kwamba nilisema kweli, na hakuna aliyesema.

Mwishowe nikashuka hadi alipokuwa mama.

"Mama, mimi si niliwaambia?"

"Ulituambia," akasema, bila kuacha kuchimba.

"Na hamkuniamini."

"Nani amesema hatukukuamini?" Alitupa udongo juu ya tuta. "Tulikuamini wote. Hata yule wa nyuma hasikii vizuri, alikuamini."

Sikuelewa. Nikamuuliza basi kwa nini alikwenda mezani, tena wa kwanza.

Alisimama, akashika mpini kwa mikono miwili ili apumue. Wanawake waliokuwa karibu waliendelea na kazi, lakini majembe yao yalipungua sauti.

"Wewe ulisimama pale ukatucheka," akasema. "Mbele ya mwalimu. Hao walikuwa wameanza kusema mimi ndiye nimekuleta uwacheke. Ningefanya nini? Ningekaa na pesa yao kwa mfuko, na wewe ni mtoto wangu? Na wao wangeketi namna gani waseme ndiyo, sisi ni wajinga, tupatie hata elfu kumi na nane yetu? Mtu hawezi. Hata wewe huwezi."

"Lakini mlijua inapotea."

"Tulijua."

Alinitazama. Hakuwa na hasira. Mama hakuwahi kwenda shule hata siku moja, na alilitaja jambo lenyewe kama anavyotaja bei ya maharagwe sokoni.

"Ile elfu nne ilikulwa na mwalimu," akasema. "Hii ingine kumi na nane ni yako."

Nilifungua mdomo kumkosoa. Kukosoa hesabu za watu ndiyo kazi iliyonilisha, na pale kwenye udongo ule mwekundu niliipitia hesabu yake toka juu hadi chini, nikatafuta pa kuanzia, nikakosa. Mama alikuwa ameshainama tena. Mwanamke mmoja alikuwa hakuja siku hiyo na jembe lake lilikuwa limelazwa pembeni, nikalichukua, nikaingia kwenye nafasi iliyokuwa wazi kando yake, na tukachimba mpaka tuta likaisha bila mtu kunisemesha.